Kufufua gari la zamani Mombasa mkiwa kikundi: anzeni na bati

Gari la zamani likishushwa uwanjani, kila mtu hukimbilia boneti. Wote wanataka kusikia injini. Nasi tulifanya hivyo hivyo na Peugeot 404 yetu ya kwanza. Miezi minne na michango yote iliishia kwenye injini, ikanguruma vizuri, tukakumbatiana kwa furaha. Wiki iliyofuata tukaliinua gari kwa jeki ili tutazame breki, na jeki ikazama sakafuni kama kidole kwenye mkate wa kumimina. Chini ya zulia hapakuwa na bati tena. Palikuwa na kutu, na juu yake lami iliyopakwa na mtu aliyetaka kuuza.

Tangu siku hiyo kanuni yetu ni moja: ukiwa Mombasa, bati kwanza. Mtu wa Nakuru au Nyeri anaweza kuanza na injini na asijute, kwa sababu huko hewa ni kavu zaidi na haina chumvi. Hapa chumvi ya bahari hutua juu ya chuma, na chumvi huvuta unyevu wa hewa hata siku ambayo mvua haikunyesha. Bati lenye chumvi halikauki kabisa, na kutu hula usiku na mchana, hasa ndani ya maboksi ya bati ya bodi yaliyofungwa, ambako jicho halifiki.

Nitaeleza kazi kwa mfano wa 404 kwa sababu ndiyo tunayoijua, na kwa sababu ni gari lenye historia yake katika nchi hii. Lilishinda mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally) mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na tena 1968 yalifika mwisho magari 7 tu, na mara zote mbili mbele walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya 404. Wazee wengi wa Pwani wanaikumbuka pia kama gari la abiria wa safari ndefu, na ukisimama nayo Mwembe Tayari leo hutakosa mzee wa kukuambia, "Mwanangu, hii Pijo imenipeleka mbali."

Watu na daftari

Sisi tuko saba. Chini ya watano, gharama na kazi ya kuinua vitu vizito vitawachosha. Wakizidi wanane, nusu yao watakuwa watazamaji. Hamhitaji mafundi wote. Mnahitaji mtu mmoja anayejua kuchomelea kwelikweli, mmoja wa injini, mmoja mwenye subira ya nyaya, na waliobaki wawe tayari kukwaruza kutu Jumamosi nzima bila kununa. Kwetu anayekwaruza vizuri kuliko wote ni mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kushika spana kabla ya kutimiza miaka sitini.

Kabla ya kufungua nati hata moja, andikeni mambo manne na kila mmoja atie sahihi. Gari ni la nani: la mtu mmoja anayesaidiwa na wenzake, au la kikundi kizima? Kila mmoja anachanga kiasi gani kwa mwezi? Mtu akijitoa katikati, anarudishiwa nini? Na likimalizika kisha mnunuzi akaja, nani ana neno la mwisho? Nimeona urafiki wa miaka ishirini ukivunjika kwa sababu ya swali hilo la mwisho. Mali bila daftari huisha bila habari: mweka hazina awe mmoja, michango ipite kwenye simu ili ibaki na kumbukumbu, na kila risiti ibandikwe daftarini hata ya msasa wa shilingi hamsini.

Kisha karatasi. Linganisheni namba ya chesisi na namba ya injini na zilizo kwenye logbook. Ikiwa gari lilikuwa la marehemu, mirathi imalizwe kwanza, ndipo uhamisho wa umiliki ufanywe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Gari lisilo na logbook msiliguse, hata mkilipewa bure. Na msitegemee kuagiza bodi nyingine kutoka nje likiwashinda, kwa maana Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hii ndiyo sababu kila bodi ya zamani iliyobaki nchini ina thamani kuliko inavyoonekana ikiwa imelala chini ya mwembe.

Kulikagua

Mnahitaji sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, bisibisi, tochi, na mtu asiyejali kulala chini. Pitisheni sumaku taratibu kwenye bodi. Ikishika ni chuma; ikiteleza na kuanguka, mmekuta filla, ule udongo wa kujazia mashimo ya bodi, na chini ya filla huenda hapana kitu. Chini ya rangi mpya inayong'aa ndiko tumekuta mashimo makubwa zaidi.

Sasa bisibisi. 404 haina fremu ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari. Kwa hiyo maboksi marefu yaliyo chini ya milango ndiyo uti wa mgongo. Yagongeni kwa mpini wa bisibisi toka mbele hadi nyuma, mkisikiliza. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bati lililoliwa hutoa sauti butu kama ya kadibodi. Penye sauti butu, geuzeni bisibisi na msukume kwa ncha. Kwenye gari letu la pili, ncha iliingia hadi mpinini, na tulipoichomoa ukamwagika mchanga mweupe, mwembamba, kama unaomwagwa kutoka kwenye kiatu cha mtu aliyetoka Bamburi. Ulikuwa umekaa mle ndani sijui miaka mingapi, ukishika unyevu na chumvi.

Angalieni pia mahali springi za mbele zinapokamata bodi kwa juu, sakafu chini ya miguu ya dereva, sehemu za kuzuia springi za nyuma, kingo za chini za milango, na chini ya mipira ya vioo. Sakafu na milango hutengenezeka. Lakini maboksi yote mawili, vishikio vya springi na sehemu ya mbele vikiwa vimeliwa kwa pamoja, lichukueni gari hilo kwa ajili ya vipuri na mtafute jingine. Huo ndio ushauri mgumu kuliko wote nitakaoutoa humu, kwa sababu siku hiyo huwa mmeshalipenda.

Kulifungua

Tengeni siku mbili, msiwe na pupa. Kabla kitu hakijatolewa kipigwe picha tatu kwa simu: kwa mbali, kwa karibu, na kikiwa kimelegezwa nusu. Nati na bolti za kila sehemu ziingie kwenye kopo lake la maziwa ya unga lenye maandishi kwa nje na karatasi nyingine ndani, kwa sababu maandishi ya nje hufutwa na oili. Pale inapowezekana rudisheni bolti kwenye tundu lake baada ya kutoa kipande.

Bolti zilizoshikwa na kutu zipakeni oili ya kupenya jioni, tena asubuhi, kisha mjaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Zikikataa, moto kidogo kwenye nati, si kwenye bolti, mbali na mafuta na mipira. Peugeot hutumia spana za milimita. Mkiwa na Morris Minor, Ford Anglia au Land Rover za zamani, spana za inchi hazikwepeki. Anayelazimisha spana ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi atakata pembe za nati, kisha atakuwa na kazi mbili.

Kutu yenyewe

Hapa ndipo pesa na muda wenu viende.

Anzeni kwa kuosha. Watu wengi hupiga brashi ya waya kwanza, na hilo ni kosa kubwa kwa mji wa pwani, kwa sababu brashi hung'arisha juu huku chumvi ikibaki ndani ya vitobo vidogo vya kutu. Mkipaka praima, yaani rangi ya msingi, juu yake, baada ya masika moja rangi itavimba malengelenge. Osheni bodi lote kwa maji matamu ya mfereji, si ya kisima, mkisukuma mpira wa maji ndani ya maboksi hadi maji yatoke safi. Likaukie juani. Piga brashi, osha tena, kausha tena. Sisi huosha mara tatu.

Sehemu zilizoliwa zikatwe hadi mfike kwenye bati zima, lenye unene wake wote. Msichomelee kiraka juu ya kutu. Kitakaa mwaka mmoja, na kutu itaendelea kula katikati ya bati mbili ambako hakuna atakayeifikia.

Kabla ya kukata maboksi ya chini ya milango, fungeni mwili wa gari. Chomeleeni vyuma vya kushikilia kwa muda katika kila nafasi ya mlango, toka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na kimoja cha mshazari, gari likiwa limekalia stendi nne zilizo sawa. Bila hivyo, boksi likishatolewa gari hulegea katikati, milimita chache tu, na milango haitafunga tena maisha yake yote. Kateni upande mmoja, mmalize kuchomelea, ndipo mguse wa pili. Pimeni nafasi ya mlango kwa futi kabla na baada, muandike namba ukutani kwa chaki.

Bati la milimita 0.9 au 1 linatosha kwa sakafu. Kwa boksi tumieni nene kidogo. Chomeleeni kwa nukta, mkiruka ruka: nukta moja huku, nyingine mbali, mngoje ipoe. Mstari mrefu wa moto hupinda bati kama karatasi. Mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi (MIG) ndiyo bora kwa bati jembamba, ila upepo wa alasiri hupeperusha gesi na mshono hutoka wenye vitundu, kwa hiyo fanyeni kazi hii asubuhi au mzibe upande wa upepo kwa turubali.

Kabla ya cheche ya kwanza, betri itolewe, tangi la mafuta litolewe na lipelekwe mbali, na mtu mmoja asimame na kizima moto na ndoo ya mchanga bila kazi nyingine yoyote. Tangi tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Msilichomelee wenyewe kamwe.

Chuma kilichosafishwa hapa hakilali usiku bila nguo. Hewa ya Mombasa huanza kukigeuza rangi ya chungwa ndani ya saa chache, kwa hiyo safisheni eneo ambalo mnaweza kulipaka praima ya epoksi siku ile ile, hata kama ni mlango mmoja tu.

Mwisho wa kazi ya bati ni ndani ya maboksi. Hakikisheni vitundu vya kutolea maji viko wazi, kisha mpulize nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu hadi ianze kudondoka kwenye vitundu hivyo. Mabaharia wetu hukipandisha chombo pwani, wakakisugua na kukipaka shahamu upande wa chini kabla hakijarudi majini. Kazi yetu ni ile ile, na kama chombo, hurudiwa: sisi hupuliza nta upya kila mwaka kabla ya masika.

Injini

Ikiwa gari limelala miaka mingi, msiguse swichi. Toeni plagi, mwageni vijiko vichache vya dizeli au oili ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda, mngoje siku mbili au tatu mkiongeza. Kisha jaribuni kuzungusha kwa spana ndefu kwenye puli, mbele na nyuma, kwa nguvu ya mikono tu. Yetu ilikataa siku tisa. Siku ya kumi, fundi wetu alishika spana huku akizungumza habari nyingine kabisa, na mkono wake ukashuka inchi moja. Alinyamaza. Akaurudisha juu, ukashuka tena. Hakuna aliyesema neno hadi injini ilipozunguka duara zima.

Injini ya 404 ina ujazo wa sentimita za ujazo 1618 na imelala kwa pembe ya digrii 45. Silinda zake ni mikono ya chuma inayochomolewa, na maji ya radieta huizunguka. Mkishatoa hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, msizungushe injini hata kidogo kabla ya kuibana mikono hiyo kwa bolti na washa pana. Pistoni ikipanda huinyanyua, mpira wa chini hukatika, na baadaye maji huingia kwenye oili bila nyinyi kujua yametoka wapi.

Hedi ni ya alumini na bloku ni ya chuma, na metali mbili zikikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Maji ya visima vingi vya mji huu yana chumvi. Wekeni maji yaliyochujwa kabisa, ya kutiwa kwenye betri, yakichanganywa na dawa ya kuzuia kutu, na kila mwanachama aambiwe hivyo mpaka achoke kusikia. Angalieni na feni: katika 404 hushikwa na sumaku ya umeme injini ikipata joto. Sumaku isiposhika, msongamano wa Makupa unatosha kuichemsha.

Difu ya saluni, yaani gia ya ekseli ya nyuma, nayo ina mambo yake. Gia yake ni ya mnyoo juu ya gurudumu la shaba, na kiwanda kiliagiza oili yenye asili ya mbarika. Oili ya difu ya kawaida ina dawa za salfa zinazoweza kuila shaba hiyo. Tafuteni oili inayofaa hata ikibidi kuagiza. Gurudumu hilo likiisha, halipatikani kirahisi.

Kwa vipuri, tembeleeni kwanza wauzaji wakongwe wa mjini kabla ya kwenda Nairobi katika barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Kule Ufaransa bado kuna wanaotengeneza mipira na gasketi za 404. Vichaka na pini ndogo hatununui. Fundi wa kukereza chuma akipewa cha zamani kama kielelezo hutoa kipya.

Breki

Gari lisitembee hata mita kumi kwa nguvu zake kabla breki hazijakamilika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hapa hunyonya haraka, kwa hiyo silinda za magurudumu huota kutu kwa ndani zikiwa nzuri kwa nje. Fungueni zote. Mipira yote ya breki ibadilishwe bila mjadala. Paipu za chuma tumezibadilisha kwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambazo haziozi.

Vumbi la breki za zamani huenda lina asbesto. Msilipulize kwa kompresa. Lilowesheni na mlifute kwa kitambaa cha kutupa. Kutoa hewa anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Na mafuta hayo mbadilishe kila mwaka. Mteremko wa kuingilia feri ya Likoni, watu wakiwa wamejaa mbele yako, si mahali pa kugundua kwamba kanyagio limekwenda hadi chini.

Umeme hautuchukui muda mrefu: tisa kati ya hitilafu kumi tulizokutana nazo zilikuwa waya wa kurudisha umeme kwenye bodi uliooza. Sugueni kila kiungo hadi king'ae, mkikaze, mpake grisi.

Rangi na majira

Tulipiga rangi gari letu la kwanza mwezi wa sita, jioni, kusi kikivuma, kwa sababu tulikuwa na harusi ya mwenzetu na tulitaka bwana harusi apande humo. Asubuhi boneti lote lilikuwa na ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Unyevu ulikuwa umenaswa ndani ya rangi. Tulikwaruza yote, na bwana harusi akapanda gari la kukodi.

Pigeni rangi wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa kavu. Anzeni mnamo saa nne asubuhi umande ukiwa umeshapanda, mmalize kabla ya saa tisa. Kompresa iwe na chujio la maji, na limwagwe kila baada ya nusu saa. Mwageni maji sakafuni kutuliza vumbi, lakini saa moja kabla, si wakati wa kupuliza. Mkitumia rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), jueni kwamba hadina hiyo huharibu mapafu: barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mrija. Kama hamna, mlipeni mwenye chumba cha rangi. Hapo msifanye ubahili.

Barabarani

Bima na ukaguzi vikishakamilika, safari ya kwanza iwe Jumapili alfajiri, fupi, gari la pili likifuata nyuma na kamba, maji na kizima moto. Injini ikishapoa, hedi ikazwe upya kwa kipimo cha kitabu cha kiwanda. Baada ya kilomita 500 mwageni oili, mtazame ndani yake kwa tochi kama kuna chembe za chuma. Mkitaka kuliona gari lenu likikaguliwa na macho makali, lipelekeni Nairobi kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, yanayofanyika tangu 1970. Waamuzi wale huangalia hadi chini ya sakafu.

Na kila likirudi kutoka Nyali au Diani, kabla hamjanywa chai, fungueni mfereji mlioshe chini kwa maji matamu, dakika kumi kila upande, kisha mliache juani milango ikiwa wazi.